Labrador anayekurupusha fezanti mbali na bunduki

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Tanga anayeishi Sioux Falls, South Dakota, ameniandikia hivi, nami nimefupisha: "Shikamoo mwalimu. Nina Labrador dume wa rangi ya kahawia, ana mwaka na miezi minne, jina lake Kahawa. Huu ndio msimu wetu wa kwanza wa kuwinda fezanti, hawa ndege wa ukoo wa kwale. Tukishuka tu kwenye gari anatangulia, na ndege wanaruka mita sitini, sabini mbele yangu. Jumamosi iliyopita nilibahatika kumpiga jogoo mmoja wa fezanti, akaanguka mbele ya macho yangu, tukatafuta nusu saa tusimwone. Jirani yangu mmoja anasema Labrador ni mbwa wa bata, nimuuze ninunue mbwa wa kuonyesha ndege alipo. Mwingine anasema nimfunge mkanda wa umeme shingoni niufungulie nguvu yote. Nishike lipi? Na mke wangu anauliza: ndege aliyeletwa kinywani mwa mbwa analika?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la kuuza: usiuze. Umesema mwenyewe kwamba Kahawa anawapata ndege. Pua anayo, hamu anayo, na bunduki imelia juu yake asikimbilie garini. Watu wanalipa maelfu ya dola kupata mbwa mwenye hayo matatu. Kilichopungua ni umbali, na umbali ni mazoea tu, tena nikisoma barua yako naona nusu ya mazoea hayo ni yako wewe.

Jirani wa kwanza hajasema uongo. Labrador ametoka majini. Wazee wake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, wakiokota kamba na samaki waliochomoka kwenye ndoana. Katika karne ya 19 mabwana wa Uingereza na Uskoti wakawachukua, wakawafanya mbwa wa kuokota ndege waliopigwa. Klabu ya mbwa ya Uingereza iliitambua mbegu hiyo mwaka 1903, ya Marekani mwaka 1917. Kwa hiyo kuokota ndiyo kazi iliyomo damuni mwake. Kutafuta ndege nchi kavu tumemwongezea sisi. Mbwa wa kuonyesha akinusa ndege anasimama kama sanamu, mguu mmoja juu, hata ukiwa mita mia nyuma unamfikia taratibu. Labrador hana subira hiyo. Akinusa anaongeza mwendo, mkia unazunguka kama pangaboi, kisha anajitosa na ndege anaruka. Sasa kama anajitosa ukiwa mita sabini nyuma, amewinda peke yake na wewe umekwenda kutazama.

Lakini mbwa wa kuonyesha naye ana shida zake kwa ndege huyu. Wewe mtu wa Tanga umewaona kwale: ukimkaribia haruki, anainamisha kichwa anakimbia kati ya mihogo, unamsikia mbele, halafu kushoto, halafu humsikii tena. Fezanti ni wa ukoo mmoja na kwale, na tabia ni hiyohiyo, ila ana miguu mirefu zaidi. Mbwa wa kuonyesha anasimama, jogoo anakimbia, unafika pale unakuta mbwa anaonyesha majani. Labrador akisukuma harufu hiyo kwa kasi, jogoo anaishiwa na njia anaruka. Na kwenye vinamasi vya matete mwezi wa kumi na mbili, barafu imeshika ukingoni, sijaona mbwa wa kumshinda Labrador. Ningekuwa nawinda ndege wa nyika tupu upande wa magharibi wa jimbo, ambako unaweza kutembea kilomita tatu bila kukuta kitu, ningekwambia vingine.

Tukiwa hapo hapo, ujue fezanti si mwenyeji wa Marekani. Ni ndege wa Asia. Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, aliwasafirisha kwenda Oregon mwaka 1881, wengi wakafia njiani. Shehena ya mwaka 1882 ndiyo iliyoshika. Hapa South Dakota waliachiliwa kaunti ya Spink miaka ya 1908 na 1909, na mwaka 1919 kaunti hiyohiyo ikafungua msimu wa kwanza wa kuwawinda, siku moja tu. Mwaka 1943 wakamtangaza kuwa ndege rasmi wa jimbo. Mgeni kutoka Uchina! Siku mtu akikuuliza porini umetokea wapi, mwoneshe jogoo kwanza.

Sasa umbali. Mbwa anajifunza ndege wako wapi kama wewe unavyojifunza samaki wako wapi. Kila Kahawa alipokwenda mita sabini alimkuta ndege, akamrusha, akapata raha yake yote. Kila alipokuwa karibu nawe alikuta majani na buti. Ungekuwa wewe ungekaa wapi? Kazi yetu ni kumgeuzia hesabu: akikaa mbali asipate kitu, akirudi karibu ndege awepo. Kwa hiyo wiki mbili zijazo asiende kuwinda kabisa. Najua msimu ni mfupi na leseni umeshalipa, lakini kila ndege anayemrusha peke yake sasa atakugharimu wiki nyingine ya mazoezi.

Kabla ya kumgusa mbwa, nenda uwanjani na vijiti viwili. Kimoja kichome hatua thelathini kutoka mlangoni, kingine hatua arobaini na tano. Vitazame kila unapotoka kwenda kazini. Kwa hatua za kawaida, cha kwanza ni kama mita 22, cha pili ni kama mita 34. Kahawa aishi ndani ya kijiti cha kwanza. Ndege akirukia hapo, muda unaochukua kuinua bunduki unamfikisha kwenye kile cha pili, na hapo marisau, zile punje za risasi, bado yana heshima. Kupita hapo unajeruhi. Wawindaji wengi wapya, na wakongwe kadhaa ninaowajua, wakiambiwa mita 35 wanaona 50 machoni, au kinyume chake. Vijiti haviongopi.

Halafu filimbi. Nimecheka, unisamehe, nilipoona jina la mbwa wako. Unamwita "Kahawa!" na unamwamuru "kaa!" Kwa sikio la mbwa aliye mita hamsini kwenye upepo, jina lake linaanza na amri ya kukaa. Usimbadilishe jina, ni zuri na rangi inalistahili. Acha tu kutumia mdomo porini. Mlio mmoja mrefu uwe "kaa". Milio miwili mifupi iwe "geuka". Milio mingi ya harakaharaka iwe "rudi kwangu". Vifundishe nyumbani kwanza, wakati wa chakula, bakuli likiwa mkononi, mpaka aketi kabla hujamaliza kupuliza. Filimbi ina faida nyingine: jogoo akisikia sauti ya mtu anakimbia mbali zaidi kuliko akisikia filimbi. Mlango wa gari ukiupiga kwa nguvu ni vilevile. Nimesimama barabarani saa nne kasoro na kuona majogoo yakitokea mwisho wa pili wa shamba kwa sababu ya mlango mmoja wa pikapu.

Zoezi lenyewe lifanye kwenye majani mafupi, jioni, kamba ya mita kumi ikiburuta shingoni mwake ili uweze kuikanyaga akijitia kiziwi. Tembea ukiukabili upepo. Mwache aende kulia; akikaribia hatua thelathini, milio miwili, na hapohapo wewe mwenyewe geuka uende kushoto. Atakapoona umempa mgongo atageuka, maana mbwa hapendi kuachwa. Atakupita mbele akienda kushoto. Akifika hatua thelathini, milio miwili, geuka tena. Sasa siri iko hapa. Chukua bampa, kile kigogo cha plastiki cha kurusha, ulifunge bawa la fezanti kwa mpira. Kahawa akiwa upande wa kulia, kichwa kimekwenda huko, lidondoshe kimya upande wako wa kushoto, hatua tano tu kutoka ulipo. Piga filimbi. Anageuka, anakuja, anakata upepo, na pua inamwambia kuna ndege karibu na miguu yako! Mfurahie kama umeokota pesa. Rudia mara tatu kwa jioni, isizidi, na siku nyingine usidondoshe kitu ili asianze kukukagua mifuko. Baada ya siku nane, tisa utaona kitu kimebadilika: akifika hatua thelathini anatupa jicho kwako kabla hujapuliza. Jicho hilo ndilo unalolitafuta.

Upepo hukuutaja kwenye barua, na ndio ungekuwa wa kwanza kuuliza. Harufu ya ndege inatawanyika kama moshi wa jiko la kuni, nyembamba pale inapotoka, pana kadiri inavyokwenda. Mbwa anayeukabili upepo anakata ule moshi kulia na kushoto, bila kufundishwa sana, kwa sababu ndivyo pua inavyotaka. Upepo ukiwa mgongoni mwako, moshi unakwenda mbele, mbali na pua yake. Mbwa mwenye akili anakimbia mpaka mbele ya harufu, kisha anageuka kuja nayo akikuelekea. Wewe unaona mbwa mtundu aliyekukimbia. Yeye anafanya kazi yake sawasawa. Nina shaka Jumamosi ile uliegesha gari mahali palipo rahisi kuegesha ukaingia na upepo mgongoni. Zunguka shamba. Tembea kilomita moja ya bure uanzie upande wa pili.

Na upunguze mwendo. Vijana mnatembea kama mnawahi daladala. Labrador anakwenda kwa kasi ya miguu yako. Ukikaza yeye anakaza mara tatu. Tembea hatua kumi na tano, simama, hesabu mpaka kumi. Mara nyingi jogoo aliyejibana huwa amejiaminisha kwamba utampita; ukisimama anaingiwa na wasiwasi anaruka hapo ulipo. Nimewapata wengi kwa kusimama kufunga kamba za viatu, bunduki ikiwa haipo tayari, nikabaki kuwasindikiza kwa macho.

Tuje kwa yule jogoo uliyempoteza, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie barua ndefu hivi. Umbali utaurekebisha, wala sina wasiwasi. Ndege aliyeanguka akapotea ni nyama iliyoharibika na mnyama aliyekwenda kufa polepole kwenye matete, na kumpata ndege wa namna hiyo ndiyo sababu ya kufuga Labrador badala ya kwenda peke yako.

Kwanza mtazame anavyoanguka. Akidondoka kama kitambaa kilicholowa, kichwa kimelegea, amekufa. Akishuka kichwa kikiwa juu, shingo imenyooka, huyo amevunjika bawa tu, na mguu ukigusa ardhi anaanza mbio. Kama hakuanguka ila umeona miguu inaning'inia, usimwondolee macho hata akienda mita mia tatu. Pili, pale alipoangukia patafutie alama: shina moja la alizeti, nguzo iliyoinama, kichuguu. Usiweke risasi nyingine, usimtazame ndege wa pili aliyeruka, wala usimwangalie mbwa. Kaza jicho kwenye alama na uende moja kwa moja. Ukifika tundika kofia yako juu ya majani pale unapodhani. Bila kofia, baada ya kuzunguka mara mbili hutajua tena "pale" ni wapi. Nyasi za hapa zinafanana zote.

Halafu fanya lile ambalo watu wengi hawaliwezi: simama. Mlipotafuta nusu saa, nina hakika wewe ulikuwa ukipekua majani kwa mguu. Buti zako zimekanyaga harufu yote iliyokuwapo. Mlete Kahawa kutoka upande ambao upepo unatoka kwa ndege kuja kwake, mwambie neno moja, "tafuta", kila mara hilohilo, kisha funga mdomo.

Hili nililipia mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu hapa nilikuwa na jike mweusi, Siafu. Asubuhi ya Novemba, umande umeganda, nikapiga jogoo akaangukia chini ya nguzo ya uzio. Niliona kwa macho yangu mawili. Siafu akafika pale, akanusa manyoya matatu yaliyobaki kwenye majani, akakata kushoto kuelekea kinamasi. Nikampigia filimbi arudi kwenye nguzo. Akarudi, akanusa, akanitazama, akakata kushoto tena. Nikamrudisha tena, sasa kwa hasira. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kumfuata nimshike mkanda, na mwenye shamba, mzee aliyekuwa ameegemea gari lake akitutazama, akaniambia kwa sauti ndogo nimwache. Nikamwacha. Akaingia kwenye matete, tukayaona yakitikisika kwa mbali, halafu yakatulia. Dakika saba, nane hivi. Nilikuwa naanza kutafuta maneno ya kumwambia yule mzee pale Siafu alipotoka upande ambao sikuutazamia, maji mpaka tumboni, jogoo mzima kinywani, kichwa cha ndege kimesimama kinatushangaa. Tulipima kwa hatua baadaye: karibu mia mbili kutoka kwenye nguzo. Mimi nilikuwa najua alipoangukia. Siafu alikuwa anajua alipo.

Kufuata nyayo za ndege kunafundishika. Omba rafiki mmoja, tafuta kamba ndefu, mfunge katikati yake fezanti aliyekufa au hata njiwa. Kila mmoja ashike ncha yake, mtembee mkiwa mmeachana, ndege akiburuzwa katikati, ili harufu ya miguu yenu isiwe kwenye njia yake. Ukimburuza mwenyewe kwa mguu utamfundisha mbwa kukufuata wewe. Anza na hatua arobaini zilizonyooka, upepo ukiwa mgongoni mwa mbwa. Hapo hawezi kumnusa ndege hewani, analazimika kuinamisha pua ardhini. Akizoea weka kona. Akimleta, mpokee kwa mikono miwili chini ya kidevu na umsubiri aachie. Usivutane naye. Mvutano ndio unaomfundisha kubana, na mbwa anayebana atakuletea nyama iliyosagika.

Mkanda wa umeme ninao mimi mwenyewe, kwa hiyo sina ugomvi nao. Lakini unatumika kwa mbwa anayelijua neno tayari, na kwa nguvu ndogo kabisa anayoisikia, ile inayomfanya acheze sikio. Ukimpiga kwa nguvu yote akiwa mita sabini, pua imejaa fezanti, hatafikiri "nimekwenda mbali". Atafikiri fezanti ameniuma. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo watengenezwe: wakinusa ndege wanageuza kichwa, wanapita pembeni kana kwamba hawakumwona. Mmoja alinichukua msimu mzima na hakupona sawasawa. Jirani huyo mshukuru kwa ushauri.

Kuhusu kupiga, nina sharti moja tu. Usivute kifyatulio mpaka uone anga chini ya tumbo la ndege. Labrador kijana anaruka kumdaka jogoo anayenyanyuka, na marisau hayajui rangi ya kahawia. Jogoo akiruka chinichini mwache aende, hata kama ndiye wa kwanza siku nzima. Kahawa mvishe fulana ya rangi ya chungwa, nawe uvae. Kwenye nyasi kavu za Oktoba mbwa wa rangi yake haonekani kabisa.

Afya. Wewe umetoka joto la Tanga, kwa hiyo nyuzi 22 unaona baridi. Mbwa mwenye koti la Labrador, akikimbia kwenye majani yanayofika mabegani mwake ambako hakuna upepo, nyuzi 22 kwake ni tanuri. Oktoba 2003, siku za ufunguzi hapa South Dakota ziliangukia kwenye joto kali, na mbwa wengi walikufa mashambani, wengine wenye mafunzo ya miaka. Beba maji mgongoni, mnyweshe kabla hajaomba. Ukiona ulimi umepanuka kama kijiko, mate yamekuwa mazito na anayumba, siku imekwisha: kivulini, maji ya kawaida tumboni na kwenye mapaja, kisha kwa daktari wa mifugo. Chakula kikubwa mpe usiku wa jana yake, si asubuhi.

Kuyumba huko kuna ndugu yake, hasa kwa Labrador. Upo ugonjwa wa kurithi ambao mbwa anakwenda vizuri, na baada ya dakika 5 hadi 15 za mbio kali miguu ya nyuma inalegea kama ya mlevi. Akiendelea kulazimishwa anaweza kufa. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliitambua kasoro yenyewe kwenye jeni iitwayo DNM1. Kwa kawaida mbwa anaugua akiwa ameirithi kwa baba na kwa mama. Siku hizi inapimwa kwa damu au kwa kupangusa ndani ya shavu. Muulize aliyekuuzia Kahawa kama wazazi walipimwa. Kama hajui, mpime. Ni gharama ndogo kuliko boksi chache za risasi.

Kila jioni mlaze chali sebuleni na umkague, mama watoto akinung'unika unisingizie mimi. Kati ya vidole, kwapani, ndani ya masikio, chini ya kope. Unachotafuta ni mbegu za nyasi zenye mkia wa miba, ambazo zinaingia upande mmoja tu na hazirudi nyuma. Zikipenya ngozini zinasafiri mwilini na kuleta jipu mahali ambapo hukutarajia. Tazama kifua na tumbo kama kuna michaniko ya seng'enge. Na mkikutana na nungunungu, huku yupo tena anapanda miti, piga filimbi ya kurudi mapema. Koleo ya kung'olea miiba iwepo garini.

Sheria nakutajia za kuanzia tu, kitabu cha idara ya wanyamapori ya jimbo kisome mwenyewe kila mwaka: majogoo peke yake, matatu kwa siku, kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linapozama, msimu ukianza Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufika mwisho wa Januari. Majike hayapigwi. Ukisafirisha ndege, acha kichwa, mguu au bawa lenye manyoya, ili askari wa wanyamapori ajue ni jogoo. Kwenye maeneo ya serikali kuu ya kuzalishia ndege wa majini, risasi za madini ya risasi haziruhusiwi. Nunua za chuma, namba 3 au 4. Barafu ikianza kushika mabwawa, mzuie Kahawa asimfuate ndege juu yake. Hata Siafu sikumruhusu.

Swali la mke wako nimeliacha nyuma kwa sababu mimi ni Mkristo wa Singida na shekhe wako yupo hapo mjini. Ninalojua ni kwamba Qurani, Surat al-Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa na kuhalalisha wanachowakamatia wenye nao, jina la Mungu likitajwa. Rafiki zangu Waislamu ninaowinda nao hupiga Bismillahi wanapovuta kifyatulio, na ndege akiletwa hai wanamchinja hapohapo. Kwa hiyo tembea na kisu kikali. Habari ya mate ya mbwa na kuosha mara saba, ambayo ninyi wa Pwani mnaizingatia sana, shekhe ndiye aseme. Mimi naweza tu kukwambia kwamba Labrador mwenye mdomo laini hatoboi ngozi, na fezanti wengi huku wanachunwa ngozi na manyoya pamoja badala ya kunyonyolewa. Mapaja yake yana mishipa migumu, ya kukimbilia. Yapike kwa nazi, moto mdogo, muda mrefu. Kidari usikikaushe.

Vijiti vichome leo. Bawa muombe mtu yeyote anayechuna ndege wake kwenye maegesho Jumamosi jioni, wanayatupa. Na ukiniandikia tena baada ya wiki hizo mbili, anza kwa kunitajia upepo ulikuwa unatoka wapi.